Shingo ya Mheshimiwa

Jumapili, 7 Septemba

Balaa! Kuku amepinda shingo. Nimeamka nikamkuta kwenye katoni yake ameinua uso juu kabisa, kisogo kimegusa mgongo, anatazama dari. Nilidhani anasikiliza panya. Nikamgusa. Akaanguka ubavu, akapigapiga mabawa, akasimama, akatazama dari tena.

Hili haliwezi kunitokea mimi. Si sasa. Zimebaki siku kumi na tatu!

Niandike yote ili siku moja ijulikane nilivyopambana. Shangazi Batul ana kibanda kule Makina, kwenye njia ya kwenda msikitini, mahali ambapo hata ukiuza mawe yatanunuliwa. Miguu inamsumbua siku hizi, anataka kukiacha kwa mmoja wetu: mimi, Abdelrahim, au binamu yangu Ramzy. Badala ya kuangalia nani ana akili (mimi), alitupa kila mmoja kuku mdogo. Mama mmoja, wote majike, wote wekundu, wote wamepakwa hina bawa la kulia, jinsi anavyowapaka kuku wake wote wasichanganyike na wa majirani. Tuwalee hadi tarehe ishirini. Akasema asiyeweza kulea kuku hawezi kulea biashara. Halafu akanigeukia mimi, Ramzy hakumtazama hata kidogo, akasema mbele ya watu kwamba mimi kitu chochote nikikishika kinakufa.

Ni kweli sukuma wiki zangu za kwenye magunia zilikauka. Sungura hawakufa, walitoroka, na hiyo ni kesi nyingine kabisa. Lakini maneno yale yaliniuma. Yaliniuma sana. Nina miaka thelathini na minne na sitaki kuzikwa na sifa hiyo.

Huyu kuku atapona. Nimeapa.

Jumatatu, 8 Septemba

Shingo vilevile. Nimempa jina: Mheshimiwa, kwa sababu hatutazami sisi wa chini.

Mpango wa kwanza: kola. Nimekata boksi la maziwa, nikalizungushia soksi, nikamvisha shingoni inyooke. Haikunyooka. Mheshimiwa alitazama dari akiwa amevaa soksi, kisha akaanza kutembea kinyumenyume mpaka akaingia kwenye beseni la nguo. Nimemtoa amelowa. Nimemkausha kwa shati langu la Ijumaa, lilikuwa karibu.

Mpango wa pili: kama hataki kutazama chini, chakula kiende juu. Nimening'iniza kikombe cha wali kwenye waya wa taa. Amekigonga kwa kichwa, wali wote umenimwagikia.

Wekulo ameingia bila hodi. Huyu ni jirani yangu wa ukuta hapa Mashimoni, mlinzi wa usiku, kwa hiyo mchana kutwa hana kazi ila kunishauri. Amemchunguza mgonjwa kwa heshima, akasema, "Ndugu, huyu kuku anakuonyesha mahali pa kukata." Nimemwambia atoke. Ametoka, lakini amegeuka mara mbili kumtazama, na mara ya pili alimeza mate.

Ramzy amepiga simu. "Niaje bro, hiyo kuku yako iko aje? Yangu ni noma!" Akanitumia na picha. Kuku wake ananona kweli, Mungu anisamehe nilivyomwangalia kwa chuki. Nimemjibu kwamba wangu ameanza kuangalia mambo ya juu. Sikusema uongo.

Jumanne, 9 Septemba

Leo nimetembea mpaka Kawangware, Mheshimiwa ndani ya kikapu. Maduka ya dawa za mifugo yapo hata huku kwetu, lakini wenyewe wote wanamjua Shangazi, na habari za Makina hazina haja ya simu.

Kule Kongo, mtaa mmoja wa Kawangware, nimepata duka la mama mmoja aitwaye Wakarima. Ameshika kichwa cha Mheshimiwa, akakiachilia, kikarudi juu kama kwamba kina springi. Nimemwuliza kama ni kideri. Amesema kingekuwa kideri angekuwa anaharisha kijani na kuku wa ploti nzima wangekuwa wanakufa. Akaniuliza, "Kwani huyu unamlishanga nini?"

Nikamjibu kwa fahari. Wali mweupe. Grade one! Wiki tatu hajaonja kitu kingine, na hajakanyaga nje asije akachakura uchafu. Nilitaka anenepe kumshinda wa Ramzy.

Wakarima alicheka mpaka akaita jirani aje asikie. "Wewe, ulikuwa unamlea ama unamuoa?" Halafu akaacha kucheka na kunifokea. Kumbe wali mtupu hauna vitamini ambazo mishipa ya kuku inahitaji, mishipa ikilegea shingo inapinda. Kwa hiyo aliyempindisha shingo ni mimi mwenyewe. Nimesimama pale dukani nikiona aibu mbele ya kuku.

Dawa: vitamini ya maji, matone asubuhi na jioni. Pumba, dagaa waliosagwa, majani yaliyokatwakatwa, na nimlishe kwa mkono maana hawezi kulenga. Wiki moja, labda mbili. Alipoona nimefunika kikapu kwa kanga nisionekane, amenikumbusha kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Nimemshukuru kwa dawa tu.

Nje ya duka kuna mzee Kihara, mwenye ploti iliyo jirani. Anafuga kuku wake kwa kuwafunga kamba mguuni, mmoja kwa kila nguzo, wasikimbilie barabarani. Mmoja ni mwekundu. Kimo kilekile. Macho yaleyale ya dharau. Nimemtazama tu. Kutazama si dhambi.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku tatu sijatoka isipokuwa kwenda kuswali. Ratiba: matone saa kumi na mbili, uji wa pumba na dagaa kwa kijiko cha chai, mapumziko, kijiko, mapumziko, kijiko. Namfunga kwa kikoi kama mtoto mchanga, nampakata, namshika kichwa kwa vidole viwili, namwekea chakula pembeni ya mdomo. Kila kijiko kinachukua dakika tano. Nusu inaingia kwake, nusu kwenye suruali yangu.

Nimekosa mechi. Nimekosa chai ya wazee. Rafiki yangu mmoja amenipigia akisema kuna kazi ya kupakua simiti, nikamjibu nina mgonjwa. Akaniombea dua. Niliitikia Amin.

Wekulo anakuja kila asubuhi akitoka kazini. Mwanzoni alikuwa anauliza kama tayari. Sasa anauliza amekula vijiko vingapi. Leo ameleta funza wawili ndani ya karatasi, amewatoa bustanini anakolinda. Mheshimiwa amewala wote. Tumegonganisha viganja, mimi na Wekulo, kama tumefunga bao.

Na leo jioni, nikiwa nimempakata, shingo imeshuka. Si yote. Imeshuka mpaka nikaona jicho lake likinitazama mimi badala ya dari. Kwa sekunde kama kumi hivi. Sikupumua. Kisha ikarudi juu.

Nimelia kidogo. Hakuna aliyeniona.

Jumapili, 14 Septemba

Anakula mwenyewe! Amelaza kichwa upande wa kushoto, anadona kwa upande, kama mtu anayesoma gazeti la jirani yake. Sasa hatazami mbinguni tena, anatazama mlangoni. Wakarima alisema wiki mbili, na hii ni siku ya tano tu. Nilikuwa na furaha mpaka saa tisa alasiri.

Saa tisa alasiri Shangazi amepiga simu. Hatangoja tarehe ishirini. Atapita Jumatano.

Jumatano! Kichwa bado kimelala kushoto! Nikimwonyesha hivi ataanza na sukuma, aende kwa sungura, amalizie na mimi. Nikimwambia ukweli kwamba nilimpa wali atawaeleza wanawake wote wa Makina kwenye arusi ijayo.

Hapana. Sijafika hapa ili nishindwe na siku tatu. Mwanaume ni mipango.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimefanya nilichofanya.

Kihara alikuwa ameketi nje ya ploti yake. "Wewe, hiyo kuku yako inaangalia nini huko kando?" Nimemweleza kwamba nataka tubadilishane kwa muda, huyu wangu kwa yule wake mwekundu. Amecheka. Hakuna mtu mwenye akili anayetoa kuku mzima achukue kilema. Nimeongeza redio yangu. Ameacha kucheka. Ameiwasha, akatafuta stesheni ya Kikuyu, akaridhika, akafungua kamba.

Nimemwachia chupa ya vitamini na kijiko cha chai. Nimemwelekeza mara tatu: matone asubuhi, matone jioni, pumba, dagaa, asimwache peke yake na kuku wakubwa maana hawezi kujitetea. Amesema, "Sawa, sawa, kwani ni mtoto?" Nilipogeuka kuondoka Mheshimiwa alitoa sauti moja ndogo. Nilitembea haraka.

Huyu mpya shingo yake imenyooka kabisa. Ana afya. Amenidona kidole mpaka damu. Simpendi.

Wekulo amekuja na funza wake, akamkuta huyu. Nikamwambia Mheshimiwa amepona ghafla. Amemtazama huyo kuku, akanitazama mimi, akafunga karatasi yake ya funza, akaondoka nayo.

Jumanne, 16 Septemba

Hina. Nilikuwa nimesahau hina!

Bila alama kwenye bawa la kulia Shangazi atajua mara moja. Nimenunua pakiti, nimekoroga na maji na limau kama walivyokuwa wakifanya dada zangu. Hawa wanawake wanasema hina ni kazi ya subira. Hawajawahi kumpaka kuku asiyetaka. Amekanyaga bakuli. Ameruka kitandani. Nimemkimbiza kuzunguka chumba, na chumba changu hakina mahali pa kuzungukia. Mwishowe nimemlaza chini nikampaka kwa mkono, nikamshikilia saa mbili nzima ishike.

Imeshika. Bawa limeiva rangi nzuri, nyekundu ya kuwaka. Shuka langu pia.

Na vidole vyangu. Vyote kumi, mpaka viganjani. Nimeosha kwa sabuni ya kufulia, kwa majivu, kwa jiki. Nimesugua kwa brashi ya viatu. Nimezidi kung'aa.

Si kitu. Nani anatazama mikono ya mwanaume?

Jumatano, 17 Septemba

Kila mtu anatazama mikono ya mwanaume!

Kwetu kijana akionekana na hina viganjani haulizwi kama ameoa, anaulizwa ameoa nani. Adhuhuri msikitini, nilipoinua mikono kuomba dua, mzee Abdulmajid aliyekuwa kando yangu alisahau dua yake. Baada ya swala nilikumbatiwa na watu saba. Mmoja alinilaumu kwa kutomwalika. Mwingine alisema hata kama bibi arusi ni mjane hakuna aibu. Nimekwambia habari za Makina hazina haja ya simu: nilipofika nyumbani Shangazi Batul alikuwa tayari mlangoni, anahema, anataka kumwona mkamwana wake.

Nimemwambia hakuna mkamwana. Kuna kuku tu.

Ameketi kitandani. Nimemkabidhi kuku kwa mikono miwili, nikitabasamu. Amemgeuza. Hakutazama bawa. Ametazama mguu. Nami nikautazama kwa mara ya kwanza: pale juu ya vidole, palikuwa na duara limechubuka, magamba yameliwa na kamba.

Shangazi amesema polepole kwamba wahenga hawakukosea, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kisha ndipo akatazama bawa, akatazama vidole vyangu, akatazama bawa. Hina yake yeye aliipaka mwezi wa saba, akasema, imeshafifia. Hii bado inanuka.

Nimejaribu kuongea. Ameninyamazisha kwa kiganja.

Halafu akasema jambo ambalo sitalisahau. Wekulo hupita Makina kila jioni akienda kazini. Alimsimulia kila kitu. Kwamba kuku wangu amepinda shingo, kwamba siku nzima nampakata kwenye kikoi na kumlisha kwa kijiko, kwamba nimekataa kazi kwa ajili yake. Shangazi alisema aliposikia hayo alikaa chini akalia, kwa sababu tangu siku ile ya kutupa kuku alikuwa akijiuliza kama alinionea kwa maneno yake. Ramzy? Ramzy alimpelekea mamake yule kuku siku ileile ya kwanza na hajui hata anakula nini. Shangazi hakuja leo kukagua. Alikuja kunipa funguo.

Akazitoa kwenye mkoba, nikaziona. Tatu, kwenye uzi mwekundu. Akazirudisha.

"Nataka yule mwenye shingo," amesema. "Yule niliyekupa kwa mkono wangu. Mzima ama mgonjwa, si neno. Nitakuja Jumamosi saa nne."

Nimeketi hapa na hina yangu. Sijawahi kujisikia mjinga hivi tangu nizaliwe. Nilikuwa nimeshinda! Nilikuwa nimeshinda tangu Ijumaa na sikujua!

Sawa. Haijaisha. Nina siku tatu.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimefika Kongo kabla Kihara hajanywa chai. Kuku wake nimemrudishia, kamba yake ikamngoja nguzoni. Redio ameibakiza, anasema imeshazoea nyumba.

Nikauliza Mheshimiwa yuko wapi. Akaonyesha nyuma ya tangi la maji.

Amepona! Shingo imenyooka kama msumari! Anachakura, anakimbiza nzi, anadona chini anapolenga. Kumbe Kihara alimpa dawa kwa saa, na hata kijiko alikuwa anakiosha. Aliponiona, wallahi nasema kweli, alikuja mbio, akaparamia mguu wangu, akaanza kudona mfuko wa shati nilimokuwa nikiweka dagaa. Nilimbeba. Alikuwa mzito. Bawa lake la kulia lilikuwa na hina ileile ya Shangazi, imefifia, imebaki rangi ya chai.

Nilifurahi kwa muda kama wa kunywa maji. Kisha nikaanza kufikiri.

Shangazi anataka yule mwenye shingo. Mimi nimwonyeshe kuku mwenye shingo iliyonyooka? Mara ya pili? Atasema nimebadilisha tena! Nani ataniamini mimi, kwa vidole hivi? Huyu Mheshimiwa amepona vibaya sana, amepona kabla ya wakati. Kumwonyesha hivi ni kujitia kitanzi.

Nimeingia kwa Wakarima kuomba ushauri, sikuhitaji hata kuuomba. Kando ya kaunta palikuwa na boksi, na ndani ya boksi kuku mwekundu ametazama dari. Shingo safi kabisa, imepinda kuliko ile ya kwanza. Ni wa mteja wake mmoja, Nashon, amemwacha apewe dawa. Nimempigia Nashon pale pale. Nimemwahidi kwamba nitamuuguza bure hadi apone, mimi nina uzoefu. Amenibariki. Wakarima amesema, "Wewe, huyo si wako, na ni jogoo!" Nimemwambia Shangazi yangu hakuagiza dume wala jike, ameagiza shingo.

Kihara hakuelewa kabisa. Ameuliza mara tatu, "Si ubebe tu hii yako uende nayo?" Hawa watu wa ploti hawajui biashara. Nimempa Mheshimiwa dagaa wote niliokuwa nao, nikamwambia ni siku mbili tu, avumilie, namfanyia haya kwa faida yetu sote. Amenifuata mpaka getini. Kihara ndiye aliyemshika.

Ijumaa, 19 Septemba

Hina safari hii nimeizimua kwa majani ya chai ili ionekane ya zamani. Huwezi kutofautisha. Upanga wa kichwani ni mwekundu mno kwa jike, kwa hiyo nimeufunga kitambaa cheupe. Mgonjwa kufungwa kitambaa ni jambo la kawaida.

Wekulo amechungulia, akatingisha kichwa, akasema leo hapiti Makina. Sawa. Kazi nzuri haihitaji mashahidi.

Jumamosi, 20 Septemba

Saa tatu na nusu. Kila kitu kiko tayari. Nimefagia. Nimemfunga kwenye kikoi, kijiko kiko mkononi, shingo iko juu. Nimeketi mkao wa mtu aliyekesha.

Saa nne kasoro kumi. Ramzy amepiga simu kunitakia heri. Shangazi amemwambia kwamba nikimwonyesha kuku wake, funguo ni zangu. Hata Ramzy ameshakubali! Hamdulillahi.

Saa nne kasoro tatu. Nasikia fimbo ya Shangazi kwenye kijia.

Saa nne kasoro moja. Amewika. Ametoa kichwa kwenye kikoi, ametazama dari, akawika, sauti mbaya ya kujifunza, lakini ni kuwika, hakuna jina lingine. Amewika tena. Fimbo imesimama nje ya mlango. Amewika mara ya tatu.

Shangazi anapiga hodi. Sina wasiwasi hata kidogo. Nitamwambia ni nguvu ya vitamini.